Pumzi Kabla ya Ubeti wa Tatu

Kwenye msiba wa Mwalimu walisoma wasifu wa marehemu kama kawaida: alizaliwa wapi, alibatizwa lini, shule alizosoma, shule alizofundisha, ameacha mtoto mmoja na wajukuu. Aliyesoma alikuwa na haraka kwa sababu wingu lilishashuka kwenye mlima Kwaraa na watu walianza kuangalia juu. Mimi nilikaa nyuma kwenye mkeka wa wanawake, nikingoja wafike kwenye redio. Hawakufika. Walisema tu kwamba marehemu alipenda muziki. Kusema Mwalimu alipenda muziki ni sawa na kusema mtu wa Babati amewahi kuona vumbi.

Ndiyo maana naandika. Ya kuzaliwa siandiki, yameshasomwa.

Nyumba yake na yetu zinatenganishwa na uzio wa minyaa, hapa Bagara. Watu wote walimwita Mwalimu, hata ambao hakuwahi kuwafundisha, na si kwa sababu ya shule ya msingi aliyostaafia. Ni kwa sababu ya kwaya ya kanisani, ambayo aliiongoza mpaka mgongo ulipokataa kusimama. Alikuwa mrefu, mkavu, shati limefungwa mpaka kifungo cha shingoni. Akikuitikia shikamoo yako ulikuwa unajisikia kama umeimba vibaya.

Redio yake haikuwa kama redio za watu. Wengine mtaani wana sabufa zinazowaka taa za rangi. Mwalimu alisema sabufa ni ngoma ya kufukuzia nyani shambani. Yeye alikuwa na amplifaya nzito kama jiwe la kusagia, deki ya kanda, na spika mbili za mbao zinazonifika kiunoni, alizozinunua zamani kwa mzungu aliyekuwa anarudi kwao. Zilikaa ukutani sebuleni, moja huku, moja kule, na kiti chake kilikaa katikati mbele yake. Miguu ya kiti ilichorewa alama za chaki sakafuni. Alikuwa na kamba ya katani yenye fundo, akipima kutoka spika hii mpaka kwenye kiti, kisha spika ile mpaka kwenye kiti, na fundo lisipoangukia pahali pale pale alisogeza kiti upya. Mtu akifagia na kusahau kukirudisha, ilikuwa kesi.

"Nani amenihamisha?" alikuwa anauliza. Si nani amehamisha kiti. Nani amenihamisha.

Mimi nilianza kuingia pale kwa sababu ya maziwa. Mama alikuwa ananituma nimpelekee chupa asubuhi za Jumamosi, na siku moja nilimkuta anasikiliza, nikaogopa kusema hodi nikasimama mlangoni na chupa yangu mpaka wimbo ukaisha. Alipogeuka akaniona. Nilidhani atafoka.

"Umesimama hapo tangu lini?"

Sikujibu.

"Mtaa mzima huu," akasema, "wewe peke yako ndiye unayejua kunyamaza. Kaa."

Akanionyesha kigoda karibu na kabati. Shuleni kila mwalimu ananiambia paza sauti, paza sauti, sisi hatukusikii, na darasa linacheka. Nyumbani wageni wanamuuliza mama kama nina tatizo. Kwa hiyo mtu akikwambia kunyamaza kwako ni kipaji, hata kama ni mzee mkali, unarudi tena Jumamosi ijayo.

Masharti yalikuwepo. Viatu nje. Chai isinywewe muziki ukiwa unapiga, kwa sababu watu wanaifyonza. Mbuzi wafungwe nyuma ya nyumba. Alikuwa na msemo wake: "Kusikia hata mbuzi anasikia. Kusikiliza ndiyo kazi." Na mwingine, ambao aliutumia kwa watu wanaopiga muziki kwenye simu barabarani: "Huyo anakula ugali kwa pua."

Jambo lililonichekesha zaidi ni mvua. Babati mvua ikichelewa, watu wanapungua uzito kabla hata njaa haijafika, na Mwalimu kanisani alikuwa wa kwanza kuanzisha nyimbo za kuomba mvua. Aliziongoza kwa machozi kabisa. Halafu mvua ikija inapiga bati la nyumba yake, hasikii kitu, muziki wote unamezwa. Basi anazima, anakaa kwenye kiti chake amekunja mikono, mahindi ya watu yanakunywa huko nje, na yeye ananung'unika: "Mungu amewasikia wakulima. Mimi nimeambiwa ningoje." Na alikuwa na ekari zake za mahindi na mbaazi kule Sigino! Mama akimtania kwamba auze spika anunue turubai, anamjibu, "Mama Upendo, turubai haina alto."

Alto. Nimefika kwenye alto.

Mke wake tulimwita Mama Eliya. Yeye alikuwa kinyume chake kabisa, mnene, mcheshi, mtu wa kumpigia kelele jirani hata kama jirani yupo karibu. Aliimba alto, ile sauti ya chini ya wanawake, kwenye kwaya ile ile ya mumewe. Na alipenda kufuma. Kila kitu katika nyumba ile kilivaa kitambaa: makochi, meza, televisheni, jagi la maji. Spika nazo alizivalisha vitambaa vyeupe vya kufuma, vyenye mauaridi pembeni, vilivyoanzia juu na kushuka mbele mpaka karibu na sakafu. Mwalimu, ambaye alikuwa anapima kiti chake kwa kamba, hakuwahi kusema neno kuhusu vitambaa. Sidhani kama alithubutu.

Zamani sana, kabla sijazaliwa, kwaya ilikwenda Arusha kurekodi kanda. Walikuwa na siku moja tu studio. Kuna wimbo mmoja, kabla ya ubeti wa tatu vinanyamaza vyote, kinanda na watu, kwa muda mfupi, halafu alto ndiyo inaanza peke yake. Mama Eliya alisimama karibu mno na kipaza sauti. Katika kile kimya alivuta pumzi, na pumzi ikaingia kwenye kanda. Mwalimu alikasirika. Alimsema mbele ya kwaya nzima, kwamba miaka yote hajajifunza kuvuta pumzi kama mwimbaji, ameharibu wimbo. Akataka warudie lakini muda wa studio ulikuwa umekwisha. Mama Eliya ndiye aliyenisimulia hayo, anacheka mpaka anashika mbavu. "Alininunia kutoka Arusha mpaka Minjingu! Basi zima linaimba, yeye anaangalia dirishani."

Mama Eliya alifariki nikiwa darasa la saba. Baada ya msiba redio ilizimwa. Hilo ni kawaida, nyumba yenye msiba haipigi muziki, lakini watu huwa wanawasha tena baada ya muda. Mwalimu hakuwasha. Nilikuwa napeleka maziwa naacha mlangoni. Nilishaingia kidato cha pili ndipo asubuhi moja nikasikia amplifaya inaguruma kidogo, kama inavyofanya ikiwashwa, nikajua ametoa ile kanda.

Deki ikaitafuna. Ilikuwa imekaa muda mrefu, labda mpira wake ulilegea, sijui. Nilimkuta amekaa sakafuni, utepe wa kahawia umezagaa mapajani kama utumbo wa kuku, anaukunja kwa kidole kimoja kimoja. Hakuniangalia.

Mtoto wao, kaka Eliya, anafanya kazi ya kompyuta Arusha. Alikuja akaichukua kanda kwenda kwa mtu anayejua kuzihamisha. Yule mtu aliweza kuupitisha utepe mara moja tu kwenye mashine yake, halafu ukakatika kabisa. Lakini alishaupata wimbo. Kaka Eliya akauleta kwenye flashi, na akamnunulia baba yake kifaa kidogo cha kuchomeka flashi kwenye amplifaya.

Mwalimu alisikiliza mpaka mwisho. Akarudisha. Akasikiliza tena.

"Wamemtoa," akasema.

"Wamemtoa nani, Baba?"

"Mama yako. Pumzi yake haipo."

Tangu siku ile alichokitaka kilikuwa kimoja tu. Hakutaka kwaya, hakutaka wimbo. Alitaka ile pumzi aliyomgombezea mkewe mbele za watu, aisikie tena kabla na yeye hajafa. Alisema hivyo waziwazi, bila kuona haya, na kwa mtu kama yeye ilikuwa vigumu kumwangalia akisema.

Kaka Eliya akamweleza, nadhani kwa nia njema, kwamba lile lilikuwa faili la MP3, faili dogo. Ili lipungue, kompyuta inatupa baadhi ya sauti ambazo watu hawazisikii sana. Hilo lilikuwa kosa. Mwalimu alishika neno moja tu: inatupa.

"Kwa hiyo wamemtupa."

"Hapana Baba, si hivyo..."

"Umesema inatupa vile vidogo vidogo. Pumzi ni kitu kikubwa?"

Basi kaka Eliya akaleta faili kubwa, yule mtu wa Arusha alikuwa amelihifadhi. Halafu likaja jingine kubwa zaidi, lile ambalo watu wenye redio za gharama wanalisifu, linajaza flashi kwa nyimbo chache tu. Kila flashi ilikuja na basi, imefungwa kwa utepe wa gundi ndani ya boksi la dawa ya meno, na Mwalimu alikwenda stendi mwenyewe kuipokea. Alianza kuongea habari za mafaili na kila mtu. Alimweleza mchungaji. Alimweleza mwenye duka la mbegu. "Faili dogo ni picha ya chakula," aliwaambia, "faili kubwa ni chakula." Watu walikubali kwa sababu alikuwa amefiwa na mke na ni rahisi kukubali.

Mimi sikumwambia kitu, ila niandike hapa. Kigodani kwangu, nilikuwa naisikia pumzi ya Mama Eliya tangu faili la kwanza, lile dogo. Ipo. Nilidhani labda yeye anamaanisha kitu kingine.

Krismasi kaka Eliya alipokuja, akaamua kumaliza ubishi. Mama yangu alikuwepo, alileta pilau. Kaka Eliya akasema, "Mwalimu mkuu, leo unafanya mtihani. Nakupigia faili moja, halafu la pili, sikwambii lipi ni lipi. Utaniambia kubwa ni lipi."

"Mtoto ananipa mtihani," Mwalimu akamwambia mama. "Dunia imeisha."

"Unaogopa kufeli?" mama akacheka.

Akapima kiti kwa kamba kwanza. Akakaa. Akafumba macho. La kwanza likapigwa, la pili likapigwa. Mwalimu akafungua macho amefurahi kabisa, amenyoosha kidole.

"Hilo! La pili! Hilo lina uhai. Umesikia kayamba zilivyotengana?"

La pili lilikuwa dogo.

Kaka Eliya alipangusa mdomo. Halafu akasema ni lile dogo, na hapo watu wote tukaangalia sahani zetu. Mwalimu akataka warudie. Wakarudia. Akakosea tena. Mara ya tatu akapata, akasema "Umeona!", lakini hakuna aliyefurahi.

Nikiri kwamba hata mimi, nilipojaribu kimoyomoyo pale kwenye kigoda, sikujua lipi ni lipi. Kuna pahali kwenye kayamba nilidhani faili kubwa ni laini zaidi, lakini nilipoambiwa ndipo nilipodhani, kwa hiyo labda nilisikia nilichoambiwa. Kaka Eliya alisema kwa kanda ya zamani kama ile haiwezi kuleta tofauti, kwamba huwezi kupiga picha nzuri ya ukuta wa zamani ukategemea ukuta uwe mpya. Mwalimu akamwambia asimfundishe ukuta.

Hapo ndipo kaka Eliya akasimama akainua kitambaa cha spika ya kushoto.

"Baba, tatizo ni hivi. Umevalisha spika sweta. Sauti zote za juu zinaishia humu."

"Weka chini."

"Mara moja tu, tusikilize..."

"Weka chini hicho kitambaa, Eliya."

"Mwalimu, si ungevitoa hata dakika moja?" mama akasema taratibu. "Marehemu hatakasirika."

"Amevipima mwenyewe," Mwalimu akasema. "Alivipima kwenye spika. Siwezi kumvua." Akakaa. Pilau likaliwa, na hakuna aliyeongea habari za mafaili tena mpaka kaka Eliya akaondoka.

Kuna mambo mengine nilikuwa nayaona, sikuyaunganisha. Mwalimu alikuwa analalamika kwamba ndege wamepungua Bagara, eti watu wamekata miti. Mimi nasikia chiriku kwenye minyaa yetu kila asubuhi, kelele tupu. Aliniambia pia, "Mbu wa siku hizi wamekuwa wajanja, wanauma kimyakimya." Nilicheka. Nilimpelekea mama maneno hayo akacheka. Mtu akipiga hodi kwa sauti nyembamba kama ya kwangu, Mwalimu haitiki. Kikohozi cha mama ng'ambo ya uzio anakisikia.

Halafu shuleni, kidato cha tatu, kwenye fizikia tukafika mada ya sauti. Mwalimu wetu akasema masikio yakizeeka yanaanza kupoteza sauti za juu, zile nyembamba, na mwenyewe hajui, kwa sababu kitu usichokisikia huwezi kujua hukisikii. Darasa likaendelea. Mimi nilibaki kwenye mbu. Nilitaka kulia katikati ya kipindi. Pumzi ni nini kama si sauti nyembamba kabisa, hewa tu inapita.

Sikumwambia. Mimi ni nani? Na kuna kitu kingine: alikuwa na tumaini. Kila faili lisilokuwa na pumzi lilimpa sababu ya kungoja faili kubwa zaidi. Ningemwambia, ningemnyang'anya hata lile la kungoja. Niliwaza hivyo njia nzima ya kutoka shule, na nilipofika nyumbani nikala ugali nikakaa kimya, jambo ambalo kwangu hakuna anayeliona geni.

Wiki chache kabla hajafa, Jumamosi mchana, jua kali, hakuna upepo, aliniita kutoka ng'ambo ya uzio. Hakuwahi kuniita. Siku zote nilikwenda mwenyewe.

Nilipoingia sikuitambua sebule. Vitambaa havikuwa kwenye spika. Alikuwa amevikunja vizuri akavipanga kwenye kochi, kimoja juu ya kingine, na spika zilikuwa wazi, zina vumbi pale mauaridi yalipokuwa. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyekwishasikiliza na kukosa.

"Shikamoo Mwalimu."

Aliniangalia mdomo. "Marahaba. Kaa pale."

Nikaelekea kwenye kigoda.

"Si hapo. Pale."

Alikuwa anaonyesha kiti chake. Hakuna mtu aliyewahi kukikalia, hata mchungaji. Nilikaa ukingoni. Akasema nirudi nyuma, kichwa kiguse kiti. Yeye akainama taratibu, akishika kabati, akakaa kwenye kigoda changu, magoti yamefika karibu na kidevu.

"Nitapiga dogo, kisha kubwa. Wewe hujui kunidanganya. Wengine wote wananionea huruma."

Akapiga la kwanza. Sikuthubutu kufumba macho. Kwaya ikaimba ubeti wa kwanza, wa pili, halafu vyote vikanyamaza, na Mama Eliya akavuta pumzi mbele yangu kabisa, katikati ya spika mbili, kama yupo palepale ukutani. Bila vitambaa ilikuwa karibu mno. Mwalimu hakuwa anaangalia redio. Alikuwa ananiangalia mimi.

Akapiga la pili. Ikawa vilevile.

"Umeisikia?"

"Ndiyo," nikasema.

"Eh?"

"Ndiyo, Mwalimu."

Akasogeza sikio. "Sema nikusikie, binti."

Sijui niliitoa wapi sauti ile. "NIMEISIKIA!" Huko nje mbuzi akashtuka. Mama aliniambia baadaye kwamba aliacha kufua akasimama, alidhani nimeumwa na nyoka.

"Kwenye lipi?"

"YOTE MAWILI!"

Mikono yake ilikuwa juu ya magoti, na vidole vyake viwili vilikuwa vinatembea kidogo kama vinahesabu mapigo. Nilidhani nimemuua.

"Tangu la kwanza? Lile la MP3?"

Nikaitikia kwa kichwa, kisha nikakumbuka, nikapaza: "Tangu la kwanza!"

"Kumbe hawakumtoa," akasema.

Hakulia. Alikuwa kama mtu aliyehangaika kumtafuta ng'ombe porini halafu akaambiwa yupo zizini, ila zizi si lake tena. Alipangusa uso kwa kiganja, akaniuliza ikoje. Nikamwambia, kwa sauti ile ile ya kupiga kelele ambayo mpaka leo sijui ni ya nani, kwamba iko kama ya mama aliyejaza ndoo, ameishika masikio, anataka kujitwisha.

"Fupi au ndefu?"

"Fupi! Ina haraka!"

"Alikuwa na haraka," akasema. "Alijua nitamgombeza."

Akageuka kwenye redio, akarudisha wimbo mwanzo. Hakuuliza ni faili lipi, na sidhani aliangalia.

"Ikifika niambie."

Ubeti wa kwanza ukapita. Wa pili ukapita. Alinyanyua mkono wa kulia, kama wanavyofanya walimu wa kwaya, akauacha hewani. Kinanda kikanyamaza, watu wakanyamaza.

"HAPO!" nikasema.

Na Mwalimu akavuta pumzi pamoja naye.